Mafunzo Niliyopata kwa Kokoto za Lugoba

Chini ya Kariakoo hakuna mwamba wa kugonga nyundo. Ukichimba msingi Mtaa wa Sikukuu au Mtaa wa Swahili utatoa mchanga, udongo wa mfinyanzi, mchanga tena, kisha maji. Ukisogea ufukweni, Msasani au Kunduchi, utakuta mawe ya matumbawe, ambayo kwa hesabu za dunia ni ya juzi tu. Mtu anayetaka kuona miamba ya metamofiki, yaani miamba iliyogeuzwa na joto na mgandamizo ikiwa ndani ya ardhi, kwa kawaida huambiwa apande basi la Morogoro.

Mimi nafundisha jiografia sekondari, nakaa Gerezani, na miamba hiyo huletwa mlangoni kwangu. Malori huimwaga usiku kando ya barabara, vibarua huijaza kwenye makarai asubuhi, na ikifika jioni imeshakuwa jamvi la ghorofa. Ni kokoto za Lugoba. Kila anayejenga Dar es Salaam anazijua na bei yake anaijua. Lugoba iko Chalinze, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa, kwenye barabara ya Segera, ndani ya ukanda wa miamba ya kale uitwao Ukanda wa Msumbiji. Ukanda huo unapanda kutoka Msumbiji, unapita mashariki mwa Tanzania, unaingia Kenya na kuendelea kaskazini. Milima ya Uluguru, Usambara na Upare imo humo.

Nimezoea kuokota vipande vyangu kwenye marundo hayo, kwa ruhusa ya wenyewe, na kuvipeleka darasani. Haya ndiyo yaliyonikaa.

1. Shika mawe mawili mkono mmoja

Kokoto ya Kunduchi ni nyeupe inayoelekea manjano, nyepesi, ina matundu. Isogeze karibu na jicho utaona mifupa ya matumbawe na vipande vya makombe. Idondoshee maji ya ndimu, itatoa viputo vidogo. Kokoto ya Lugoba ni nzito, ina mistari myeusi na myeupe, kingo zake zinakata vidole, na ndimu haiisumbui hata kidogo.

Katikati ya hizo mbili kuna jiwe la tatu, nalo utalikuta kwenye karakana za kukata mawe ya kaunta: marumaru ya Morogoro. Likidondoshewa ndimu nalo linatoa viputo, taratibu zaidi, na mng'ao unafifia palepale, ndiyo maana mwenye jiko la marumaru anashauriwa asikatie ndimu juu yake. Kemikali yake kuu ni ileile ya kokoto ya Kunduchi. Lakini tafuta kombe hata kwa lenzi, hulipati. Chokaa iliyokuwa kwenye sakafu ya bahari fulani ya kale imejipanga upya kuwa chembe kubwa, kila moja ikiakisi mwanga upande wake. Mara nyingi kilichosalia cha uhai wa bahari ile ni madoa meusi ya kinywe, kaboni iliyopikwa hadi vingine vyote vikaondoka. Ni kinywe hichohicho ambacho leo kinatafutwa Mahenge kwa ajili ya betri za magari ya umeme.

Siku zote naanzia hapa. Mwanafunzi akishaona kwamba jiwe la Kunduchi na jiwe la Morogoro ni kitu kimoja kilichopitia maisha tofauti, mengine yanakuwa mepesi.

2. Jiwe halikuyeyuka, na muda ni sehemu ya mapishi

Wanafunzi wakisikia nyuzijoto 800 za Selsiasi hufikiria uji wa volkano. Mwamba wa metamofiki hubadilika ukiwa mgumu vilevile. Atomi huhama hatua ndogondogo, madini mengine yanaisha, mengine yanaota mahali pake, na jumla ya kemikali ya jiwe inabaki karibu ileile, isipokuwa maji na gesi zinazotoroka. Ukishuka chini ya ardhi, kila kilomita huongeza joto nyuzi 25 hadi 30 hivi. Mgandamizo nao unapanda kwa uzito wa miamba iliyo juu, na kwenye kina cha kilomita 30 unafika kama mara 8,000 ya mgandamizo wa hewa tunayovuta. Miamba ya Uluguru, Mto Wami na Upare inayoitwa granulaiti ilifika karibu nyuzijoto 800, kwenye kina cha kilomita 30 na zaidi. Katika joto hilo sehemu nyepesi za mwamba huanza kuyeyuka kidogo, na mishipa myeupe unayoiona ikipinda ndani ya kokoto nyingi ndiyo alama yake. Sehemu kubwa ya jiwe, hata hivyo, haikuyeyuka kamwe.

Kwa watu wa Kariakoo joto kali lina mfano wa karibu na wenye uchungu. Soko Kuu liliungua Julai 2021. Mahali popote wahandisi wanapokagua zege lililoungua, wanaangalia rangi kwanza: likipita nyuzi 300 hivi, chuma kilichomo kwenye mchanga na kokoto hulipa wekundu wa waridi, likifika nyuzi 573, kwatsi, madini makuu ya mchanga, hubadili mpangilio wake wa ndani, inatanuka, na kokoto zinaanza kupasuka. Kwa hiyo hata zege hutunza kumbukumbu ya joto lililolipata. Lakini moto wa saa chache hauwezi kuotesha ganeti, yale madini mekundu. Ukanda wa Msumbiji ulipewa mamilioni ya miaka, na bila kuuingiza muda huo katika maelezo mtu hataelewa kwa nini chembe nyekundu ya ukubwa wa punje ya mtama imo ndani ya jiwe gumu kiasi kile.

3. Mistari ina mwelekeo, na fundi anauhisi kabla ya mwalimu

Msimamizi mmoja wa ujenzi, mtu wa makamo, alinikuta nimechuchumaa kwenye rundo lake.

"Mwalimu, shikamoo ya mawe hiyo?"

"Natafuta zenye madoa mekundu, kaka."

Akainama, akaokota moja. "Hizi nyekundu zinadhuru zege?"

Nikamwambia hapana, nyekundu ni ganeti, ngumu kuliko kwatsi, haina shida. Akatikisa kichwa, akaniokotea nyingine, nyembamba na bapa. "Zinazotusumbua ni hizi. Mzigo ukija na bapa nyingi, zege halikai vizuri, linataka maji, na ukiongeza maji umeliua."

Alikuwa amenipa somo zima. Mgandamizo ndani ya ardhi uko wa namna mbili. Upo unaobana pande zote sawasawa, ule wa uzito wa miamba ya juu, ambao unaamua ni madini gani yatakaa pamoja. Na upo unaosukuma upande mmoja kuliko mwingine, nao ndio unaoyalaza madini. Ulanga mweusi una umbo la karatasi. Ukisukumwa hivyo, karatasi zake zinaota zikiwa zimelala sambamba kama majora ya vitenge kwenye meza ya Mtaa wa Kongo. Mwamba wa namna hiyo, tuuite naisi, ukiingia kwenye mashine ya kusaga unapasukia kwenye mistari yake na kutoa kokoto bapa. Pale ambapo ulanga ni haba na madini yamebanana bila kulala, kokoto inatoka na umbo la mchemraba, ile mafundi wanayoipenda. Ulanga wenyewe ukizidi unadhoofisha zege, maana saruji haishiki vizuri juu ya uso wake laini.

Kwa hiyo msimamizi yule, bila kutumia neno lolote la kijiolojia, alikuwa anasoma kwa mkono mwelekeo wa nguvu zilizokunja ardhi kabla hakujawa na samaki baharini. Tangu siku hiyo, darasa langu la mgandamizo linaanza na kokoto bapa.

4. Kila madini yana swali lake

Hakuna madini yanayokueleza yote. Mfano mzuri kuliko wote ni ndugu watatu wenye kemikali moja: andalusaiti, kayanaiti na silimanaiti. Zote ni alumini, silika na oksijeni kwa viwango vilevile. Mgandamizo ukiwa mdogo inaota andalusaiti. Ukiwa mkubwa, kayanaiti, ile ya buluu. Joto likizidi, silimanaiti, mara nyingi kwa nyuzi nyembamba nyeupe. Zinakutana zote tatu mahali pamoja tu, karibu nyuzijoto 500 na kina cha kilomita 15 hivi. Ukiona kayanaiti peke yake unajua upande gani wa mpaka jiwe lilikuwa. Jirani zetu wa Kenya walichimba kayanaiti kilima cha Murka, magharibi mwa Voi, kwa ajili ya matofali ya tanuri, kwa kuwa inastahimili moto.

George Barrow ndiye aliyeonyesha, mwaka 1893 huko Uskoti, kwamba madini kama hayo yanaweza kuchorwa kwenye ramani: tembea upande mmoja wa milima, madini yanabadilika kwa mpangilio, na mpangilio huo ni joto likiongezeka.

Wapimaji wa leo wanaenda ndani zaidi. Ganeti na ulanga mweusi vikigusana, vinabadilishana chuma na magnesi, na namna vinavyogawana inategemea joto. Pima kiasi cha kila kimoja kwa mashine inayolenga nukta ndogo kuliko unene wa unywele, na unapata kipimajoto. Madini mengine, kwa mfano ganeti ikikaa na feldispa na kwatsi, yanajibu zaidi swali la mgandamizo. Kipimajoto kimoja na kipimamgandamizo kimoja, vikiwa ndani ya kipande kimoja cha jiwe, vinakupa kina na joto la mahali jiwe lilipokuwa.

5. Kumbukumbu imebaki kwa sababu maji yaliondoka

Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa kitabuni, na ndilo ninalolipenda zaidi. Kama madini hubadilika kufuata joto, mbona hayakurudi yalivyokuwa mwamba ulipopoa? Jiwe lilipokuwa linapanda kuelekea juu lilipita tena kwenye nyuzi 600, 500, 300. Lingeweza kujifuta.

Jibu ni maji. Ulanga na madini mengine ya joto la chini yana maji ndani ya muundo wake. Joto likipanda, madini hayo yanavunjika na maji yanatoka, yanapenya kwenda juu na hayarudi. Safari ya kupoa inaanza jiwe likiwa kavu, na bila maji atomi zinasafiri kwa shida mno. Ndiyo maana jiwe linashika hali ya kilele chake na kukaa nayo. Pale ambapo ufa uliruhusu maji kuingia baadaye, jiwe limegeuka tena: utaona ukijani unaofuata ufa, na ganeti iliyo karibu nao imeliwa kingo. Sentimita mbili pembeni, ganeti iko nzima.

Kuna kikwazo, lazima nikitaje. Joto likipanda sana, zaidi ya nyuzi 700 hivi, atomi ndani ya ganeti yenyewe zinaanza kuhama, na tabaka zake za ukuaji, ambazo katika miamba ya joto la wastani zinasomeka kutoka kiini hadi ukingo, zinachanganyika. Kilele kinahifadhiwa, safari ya kupanda kwenda kileleni inafutika.

6. Ukingo mwekundu usiofika milimita moja

Kwa muda mrefu granulaiti za mashariki mwa Tanzania zilielezwa kwa habari ya mabara kugongana, kama India ilivyoigonga Asia na Himalaya ikanyanyuka. Maelezo hayo yana mantiki: bara likizamishwa chini ya jingine linapata mgandamizo na joto.

Lakini njia ya kufika chini na kurudi juu inaacha alama zake. Mwamba uliozamishwa na mgongano hupata mgandamizo kwanza, joto linafuata, kisha unanyanyuliwa haraka ungali wa moto. Mgandamizo ukishuka hivyo ganeti inavunjika, na kila chembe nyekundu inazungukwa na ukingo mweupe wa feldispa. Mwamba uliopoa ukiwa bado chini, bila kunyanyuliwa, unafanya kinyume chake: ganeti mpya inaota, ukingo mwembamba mwekundu kati ya madini meusi na feldispa nyeupe.

Peter Appel, Andreas Möller na Volker Schenk walizichunguza granulaiti za mashariki mwa Tanzania na mwaka 1998 wakachapisha walichokiona: ukingo mwekundu. Miamba hii ilipata joto, ikafika mgandamizo wake mkubwa, kisha ikapoa hukohuko kwenye kina. Hitimisho lao likawa kwamba mgongano wa mabara haukuiumba. Joto lililetwa na uji wa miamba uliopanda kutoka chini na kurundikana kwenye ganda la dunia. Sehemu nyingine za ukanda, hasa upande wa magharibi, zina alama za mgongano, na umri wake ni mdogo zaidi, karibu miaka milioni 550. Kwa hiyo ukanda mmoja umebeba historia zaidi ya moja, na wanajiolojia bado wanabishana namna ya kuziunganisha.

Nilichukua lenzi yangu inayokuza mara kumi nikaenda kwenye rundo la kokoto nyuma ya kituo cha Msimbazi. Kokoto nyingi hazionyeshi kitu, ni mistari tu. Nikapata moja, nyeusi, nzito kuliko nyingine, iliyopasuka upya na mashine. Mahali pengi ambapo weusi uligusana na weupe palikuwa na uzi mwekundu, umekatika hapa, umeendelea pale, mwembamba kiasi kwamba bila lenzi ungesema ni kivuli. Sikuweza kusema kwa macho peke yake kwamba ndio uleule walioupima akina Appel. Hilo linataka maabara. Ila nimewapa wanafunzi jiwe hilo mkononi nikawaambia swali la kuuliza ni lipi: wekundu unaota kingoni, au unaliwa? Binti mmoja wa kidato cha tatu alikaa nalo kipindi kizima.

7. Usiulize umri wa jiwe kabla ya kusema umri wa nini

Watu wakijua nashughulika na mawe, swali la kwanza ni "Mwalimu, hili lina miaka mingapi?" Swali ni halali. Jibu lina ngazi.

Arthur Holmes alikuja Msumbiji mwaka 1911, kijana wa miaka 21, kutafuta madini, akaugua malaria vibaya. Mwaka huohuo ilichapishwa kazi yake ya kupima umri wa miamba kwa urani na risasi. Urani huoza polepole na kuwa risasi: nusu ya urani ya uzito 238 huisha kwa miaka bilioni 4.47, na nusu ya urani ya uzito 235 kwa miaka milioni 704. Ni saa mbili ndani ya chembe moja, zinazokaguana. Miaka mingi baadaye ni Holmes huyohuyo aliyeupa ukanda wetu jina la Ukanda wa Msumbiji.

Chembe bora kwa kazi hiyo ni zirkoni. Inapoota inapokea urani na kuikataa risasi, kwa hiyo karibu risasi yote utakayoikuta ndani yake imetokana na urani. Tena ni ngumu mno. Hata mwamba ukigeuzwa, zirkoni ya kale inaweza kubaki kama kiini na kuvikwa ganda jipya. Chembe moja, umri wa aina mbili.

Sasa njoo karibu na Lugoba. Mto Wami unapita kaskazini yake, na granulaiti za Wami zilipimwa na Makenya Maboko na wenzake, kazi iliyochapishwa mwaka 1985. Zirkoni ziliwapa karibu miaka milioni 715. Ulanga mweusi kutoka kwenye miamba hiyohiyo, uliopimwa kwa saa nyingine ya kuoza, ya rubidi na stronti, ukawapa karibu milioni 475. Mtu asiyejua angesema mmoja kati ya hao mashahidi anadanganya. Hakuna anayedanganya. Zirkoni inafunga kumbukumbu yake joto likiwa juu sana. Ulanga mweusi unaacha kuvujisha pale tu jiwe linaposhuka hadi nyuzi 300 hivi. Zirkoni ilijibu ni lini palikuwa na moto. Ulanga ulijibu ni lini jiwe lilipoa.

Profesa Sospeter Muhongo, ambaye wengi wanamkumbuka kama Waziri wa Nishati na Madini, alikuwa mjiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1994 yeye na J.-L. Lenoir walichapisha vipimo vya zirkoni za granulaiti za Tanzania vilivyoliweka joto hilo kuu katika kipindi kiitwacho Pan-Afrika. Halafu mwaka 2000 Möller, Klaus Mezger na Schenk wakapima madini mengine, monazaiti miongoni mwake, na kukisogeza kilele hadi karibu miaka milioni 640. Tofauti na ile 715 inaeleweka: siku zile zirkoni nyingi ziliyeyushwa pamoja kwenye asidi na kupimwa kwa mkupuo, na viini vya kale vikichanganyika na maganda mapya, wastani unavutwa kuelekea ukale.

Hapo hesabu inaweza kufanywa na mtoto wa kidato cha kwanza, na huwa nawaachia waifanye ubaoni. Nyuzi 800 miaka milioni 640 iliyopita. Nyuzi 300 miaka milioni 475 iliyopita. Nyuzi 500 zimepotea katika miaka milioni 165. Ni takriban nyuzi tatu kwa kila miaka milioni. Darasa linanyamaza kidogo wakifika kwenye jibu, kisha mtu anauliza mbona polepole hivyo, na tunarudi kwenye ule ukingo mwekundu: kwa sababu jiwe lilibaki chini, limefunikwa, kilomita kwa kilomita. Ganeti na ulanga, vilivyopimwa na watu tofauti kwa njia zisizohusiana, vinasema jambo moja.

Tanzanaiti ina mahali pake katika ratiba hii. Iliota Merelani karibu miaka milioni 585 iliyopita, baada ya kilele, mwamba ukiwa unapoa na vimiminika vya moto vikipita kwenye nyufa za naisi yenye kinywe na kuacha vanadi ndani ya fuwele. Masonara wa Mtaa wa Indira Gandhi wanajua kwamba nyingi zikitoka mgodini zina rangi ya kahawia, na kwamba zikichomwa kwenye tanuri hadi nyuzi 500 au 600 zinageuka buluu. Joto hilo la tanuri linabadili rangi tu. Halianzishi saa upya wala haliondoi ushahidi wa Merelani. Hata hivyo linafundisha jambo: rangi ni kumbukumbu dhaifu, inafutika kwa saa chache, wakati muundo wa fuwele unastahimili.

Na kuna jiwe letu moja ambalo umri wake unaufanya ukanda wa Lugoba uonekane mchanga. Kwenye kilima cha Yalumba, katika ukanda wa Usagara, kuna eklojaiti, mwamba wa ganeti nyekundu ndani ya madini ya kijani. Mwaka 1995 Möller na wenzake walionyesha kwamba una miaka kama bilioni 2, na kwamba ulishuka hadi kina cha kilomita 60 hivi kwenye joto la karibu nyuzi 750 tu. Joto dogo kiasi hicho kwenye kina kikubwa kiasi hicho linapatikana pale ambapo sakafu ya bahari inazama haraka bila kupata muda wa kupashwa moto. Maana yake, mabamba ya dunia yalikuwa tayari yanazama na kusigana namna ya leo miaka bilioni 2 iliyopita, na wakati kazi hiyo inachapishwa ushahidi wa kale kuliko huo wa aina yake haukuwa umejulikana. Sioni kwa nini jina la Yalumba lisiwe kwenye kila kitabu cha jiografia cha nchi hii.

8. Hata mchanga wetu una mashahidi

Nilianza kwa kusema Kariakoo haina mwamba. Ina mchanga, na mchanga ulitoka mahali. Kilomita 30 za miamba iliyokuwa juu ya Uluguru na Wami haziko tena. Mvua na mito viliziondoa na kuzishusha kuelekea pwani, kwa awamu nyingi. Ulanga ulioza njiani ukawa udongo. Kwatsi ilibaki, na pamoja nayo punje nzito: ganeti, zirkoni na nyingine nyeusi zenye chuma na titani. Kigamboni, eneo la Fungoni, mchanga wa namna hiyo umejikusanya kiasi cha kutafutiwa leseni ya uchimbaji, na zirkoni ndiyo mali yake kubwa. Zirkoni inakwenda kwenye viwanda vya vigae, kwa hiyo vigae vinavyoshushwa kwenye maduka ya Kariakoo vinaweza kuwa na madini ya aina hiyo kwenye rangi yake nyeupe.

Kila punje imebeba saa yake. Mjiolojia akipima zirkoni mia moja kutoka mchanga mmoja, anaweza kutaja milima iliyoulisha mchanga huo, hata ile iliyokwisha kuondoka.

Shule yoyote ya mjini inaweza kulifundisha somo hili bila basi. Zungumzeni na msimamizi wa jengo lililo jirani, mwombeni debe moja la kokoto za Lugoba na nusu debe la Kunduchi. Tafuteni lenzi inayokuza mara kumi, ndimu na sumaku. Sumaku ipitisheni kwanza kwenye mchanga mkavu wa pwani uliotandazwa juu ya karatasi nyeupe. Inachokinyanyua ni punje nyeusi zenye chuma. Katika zinazobaki, tafuteni za waridi. Hizo mara nyingi ni ganeti.